Mwalimu mwenye milioni moja na nusu anunue mtambo gani wa kupulizia vanishi?

1. Seremala_Mukono
Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na jioni pamoja na siku za Jumamosi hutengeneza kabati, meza na vitanda katika banda la mabati nyuma ya nyumba yangu hapa Mukono, Uganda. Mteja mwenye uwezo namtengenezea kwa mvule, wengine kwa musizi. Kwa miaka minne nimepaka vanishi kwa brashi, na kazi yangu huipenda mpaka mlango wa kabati ufunguliwe na mwanga wa dirishani uupige kwa ubavu: hapo michirizi yote ya brashi hujitokeza, na mara nyingine unywele wa brashi umeganda ndani ya vanishi na hautoki bila kukwangua upya.

Nimetenga shilingi 1,500,000 za kununulia mtambo wa kupulizia, na nimeona njia tatu. Ya kwanza ni bunduki ya umeme ya kushika mkononi, ambayo mota na kikombe chake cha rangi ni kitu kimoja. Ya pili ni kompresa ya nguvu za farasi mbili yenye tangi la lita 50, na bunduki yake inanunuliwa peke yake. Ya tatu ni turbaini, yaani mota inayopeleka hewa nyingi kwa msukumo mdogo kupitia mpira mnene. Hiyo ya tatu sijaiona madukani, lakini nina shemeji anayerudi kutoka Uingereza mwezi wa Agosti.

Jumamosi iliyopita niliazima kompresa ya jirani anayejaza matairi, nikapulizia lakeri ya NC (ya nitroselulosi, inayokauka thina ikipaa) kwenye milango miwili ya mvule. Wa kwanza ulitoka kama kioo. Wa pili, nilipofika katikati, uso ulianza kuwa na vijishimo kama ganda la chungwa, na baada ya robo saa ukungu mweupe ukautanda na kuifunika rangi yote ya mvule. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Ninunue nini, na je, kosa lilikuwa la kompresa, la hewa au la mkono wangu? Kama ni la kompresa, sitaki kununua ndugu yake.

2. Mbao_Ndeeba
Karibu, Mwalimu. Nunua kompresa, wala usisumbuke na mengine. Kompresa itapuliza vumbi mezani, itapiga misumari ya hewa siku ukipata bunduki yake, na ikiharibika hutakosa mtu wa kuitengeneza, maana vali, mkanda na ringi zake zinapatikana soko la Kisekka, Kampala, siku hiyohiyo. Turbaini ikiungua, vipuri utavisubiri pamoja na shemeji yako. Kuhusu kosa, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mlango wa kwanza ulitoka vizuri kwa kompresa hiyohiyo, kwa hiyo chombo kinaweza. Zoea mkono kwanza.

3. Mhandisi_Tororo
Ndugu wa Ndeeba, kwa heshima, mlango wa kwanza kutoka vizuri na wa pili kuharibika ndiyo dalili yenyewe ya kompresa ndogo. Tufanye hesabu.

Bunduki nyingi zenye maandishi HVLP (hewa nyingi, msukumo mdogo) kwenye boksi hudai hewa ya lita 300 hadi 400 kwa dakika. Tuchukue 340. Kompresa ya nguvu za farasi mbili huandikwa lita 200 na ushei, lakini hicho ni kiasi ambacho pistoni inafagia, si hewa inayofika kwenye mpira. Inayotoka kwa kweli huwa karibu theluthi mbili ya hapo au pungufu, tuseme 120. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bari 8 (bari ni kipimo cha msukumo wa hewa) hadi bari 6, linatoa kama lita 100 za hewa ya kawaida, na bunduki inazimaliza kwa sekunde 18 hivi. Hapo mota inawaka. Kutoka bari 6 hadi 4 kuna lita 100 nyingine, na kwa kuwa sasa kompresa inaongeza 120 huku bunduki ikila 340, zinakwisha kwa sekunde 27. Yaani haifiki dakika moja, nawe umeshaanza kupuliza kwa hewa isiyotosha. Hewa isipotosha, matone ya lakeri hayavunjwi kuwa madogo, huangukia ubaoni yakiwa makubwa na kukauka kabla hayajalainika, na hilo ndilo ganda la chungwa.

Mwalimu, mlango mmoja ulikuchukua muda gani?

4. BintiBugembe
Habari za leo. Napuliza samani Bugembe, karibu na Jinja, huu ni mwaka wa saba. Naona mmelishika ganda la chungwa mkausahau ukungu, na hayo ni matatizo mawili tofauti.

Thina ya lakeri hukauka kwa kasi, na ikipaa huchukua joto la ubao pamoja nayo, kama spiriti inavyoubaridisha mkono wa mtu anayechomwa sindano. Uso wa ubao ukipoa chini ya kiwango fulani katika hewa yenye unyevu, mvuke wa maji uliomo hewani hugeuka umande juu ya lakeri mbichi, na lakeri ikikutana na maji hugeuka nyeupe. Nami nakaa ziwani, kwa hiyo nimeujua ukungu huo kuliko ninavyotaka. Kuanzia Machi hadi Mei sipulizi lakeri kabla ya saa tano asubuhi, na mvua ikiwa imetoka kunyesha siguswi na haraka ya mteja yeyote.

Dawa yake ni thina inayochelewa kukauka, ambayo wauzaji huiita ritada. Ongeza kidogo tu, chini ya sehemu moja kwa kumi. Mlango ambao tayari ni mweupe usiukwangue: upulizie thina yenye ritada kwa wepesi siku ya jua, lakeri italainika, maji yatoke, na mara nyingi rangi ya mvule itarudi yenyewe.

5. Mzee_wa_Bwaise
Vijana, nimewasikia. Mimi nimepuliza tangu enzi za bunduki za kikombe cha chini. Mhandisi amehesabu hewa, Binti amehesabu unyevu, na hakuna aliyeuliza thina ilitoka wapi.

Thina nyingi inauzwa ikiwa imemiminwa kutoka kwenye pipa na kutiwa katika chupa za maji ya kunywa, na ndani ya pipa mna chochote kilichokuwa rahisi wiki hiyo. Ikijaa vimiminika vinavyopaa upesi, inaleta mabaya yote mawili kwa pamoja: lakeri inakauka kabla haijatulia, hilo ni ganda la chungwa, na ubao unapoa mno, huo ni ukungu. Hapo huhitaji sababu mbili. Mwaka mmoja nilipoteza seti nzima ya viti sita kwa chupa mbili za namna hiyo, na niliporudi kwa muuzaji hakunijua tena.

Halafu, Mwalimu, uliipima lakeri wepesi wake wa kumiminika, au ulichanganya kwa macho?

6. Seremala_Mukono
Asanteni sana. Najibu kwa utaratibu. Mlango mmoja ulinichukua kama dakika mbili, na nilianza wa pili mara tu baada ya wa kwanza. Mzee, thina ilikuwa ndani ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, kama ulivyosema. Nilichanganya nusu kwa nusu, kwa macho. Bunduki ina tundu la milimita 1.4, na nembo yake inasema lita 340 kwa dakika, tarakimu ileile ya Mhandisi. Dirisha la banda linatazama ziwa, ingawa ziwa liko mbali.

7. Mzee_wa_Bwaise
Usichanganye kwa macho. Tafuta kikombe cha kupimia chenye tundu la milimita 4 chini yake. Kijaze, ondoa kidole, hesabu sekunde mpaka mkondo ukatike. Lakeri ya kupuliza iwe sekunde 18 hadi 22. Vanishi ya mafuta inahitaji kupunguzwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ichuje kwa soksi ya nailoni kabla haijaingia kwenye kikombe, kwa sababu punje moja iliyoganda inatosha kuupinda upepo wote wa bunduki upande mmoja.

8. Samani_Arua
Naomba nimtetee mshtakiwa ambaye hayupo mahakamani, yaani turbaini. Nina moja kwa mwaka wa tatu, yenye feni nne zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, niliyoletewa na kaka yangu kutoka Kanada.

Haina tangi, kwa hiyo hakuna hewa ya kuisha: sekunde ya kwanza na dakika ya ishirini ni sawasawa. Hewa yake haipiti kwenye mafuta ya pistoni wala haikai tangini kutoa maji, kwa hiyo sihitaji mtego wa maji. Inatoka ikiwa ya joto, maana feni zinaipasha. Na ukungu wa rangi unaoruka pembeni ni mdogo sana. Kwa bunduki ya zamani ya msukumo mkubwa, zaidi ya nusu ya lakeri niliyonunua ilikuwa inaishia kwenye kuta na mapafu yangu, wakati bunduki za HVLP zinatakiwa kufikisha kwenye ubao angalau asilimia 65. Ukinunua lakeri kwa fedha yako mwenyewe, tofauti hiyo unaiona kabla mwezi haujaisha.

Ubaya wake niuseme pia. Inanguruma kama mashine ya kusafishia mazulia, na ndugu yake wa damu ndiyo hiyo. Makaa ya mota (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) yanalika na yanahitaji kubadilishwa. Na ile hewa ya joto, wakati wa kiangazi hapa Arua, hukausha lakeri ikiwa bado njiani, ikafika ubaoni kama vumbi, kwa hiyo natumia ritada kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ya Dada wa Bugembe.

9. Mhandisi_Tororo
Ndugu wa Arua, mashine ya Kanada ni ya volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, nasi tuna volti 240 na mizunguko 50. Hata ukiweka transfoma, mota itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na hewa itapungua. Mwalimu asije akaiga bila kujua hilo.

10. Samani_Arua
Mhandisi, hapo nakusahihisha kwa upole. Unayoyasema ni ya mota isiyo na makaa, kama ile ya kompresa yenye mkanda. Mota ya turbaini ina makaa, nayo kasi yake haifuati mizunguko ya umeme bali volti na mzigo. Transfoma ya kushusha volti inatosha, ila iwe kubwa: yangu ni ya wati 3,000 kwa mashine inayokula wati 1,400, na ilinigharimu fedha ambayo sikuipangia. Ndiyo sababu namwambia Mwalimu kuwa shemeji wa Uingereza ni bora kuliko kaka wa Kanada. Volti zao ni kama zetu, na hata plagi yao ya miguu mitatu ya mstatili ndiyo hii tunayotumia Uganda.

11. Mhandisi_Tororo
Nimekubali kuhusu mota ya makaa, na asante. Niongeze jambo ambalo maboksi hayalisemi. Kampala na Mukono ziko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ina msukumo wa asilimia 87 hivi ya ule wa Mombasa, kwa hiyo kila pistoni inaponyonya, inapata hewa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Aliyeko Kabale anapoteza zaidi, na turbaini nayo haisalimiki, kwa kuwa feni zinasukuma hewa nyepesi. Mashine ya feni tatu hutoa psi 6 hivi (psi ni kipimo kingine cha msukumo) pwani, ya feni tano hukaribia au kupita 9. Kwa hiyo huku juu ningemshauri mtu apande ngazi moja: asichukue feni mbili hata kama bei inavutia.

12. Mbao_Ndeeba
Mhandisi, Kampala nzima inapuliza kwa kompresa tukiwa hukuhuku juu, na magari yanatoka gereji yaking'aa. Sehemu moja kwa kumi haiwezi kugeuza kioo kuwa ganda la chungwa.

Lakini nakubali kitu kimoja katika hesabu yako: bunduki ya lita 340 na kompresa ya lita 120 hazioani. Basi jibu si kuiacha kompresa, ni kubadilisha bunduki. Ziko bunduki zinazoitwa LVLP, za hewa kidogo na msukumo mdogo, ambazo hula lita 100 hadi 170. Zinakwenda polepole na upana wa upepo wake ni mdogo, ila kwa mlango wa kabati zinatosha. Niliuza kompresa na bunduki ya namna hiyo kwa kijana wa Seeta kwa jumla isiyofika milioni moja, na kilichobaki alinunulia mtego wa maji na mpira.

13. Fundi_Masaka
Hakuna aliyesema neno kuhusu bunduki ya umeme ya kushika mkononi, nami ninayo, kwa hiyo nitasema. Niliipata kwa bei ya chini ya robo ya fungu la Mwalimu. Kwa rangi ya maji ukutani na vanishi ya mafuta kwenye milango ya nje, imenilipa. Kwa lakeri ya NC juu ya kabati la ndani, hapana. Matone yake ni makubwa, inatema mate mwanzoni mwa kila mkupuo, na kwa kuwa mota iko mkononi, baada ya mlango wa tatu kiganja kinatetemeka. Jambo linalonitisha zaidi ni kwamba mota yenye cheche za makaa ipo nusu mita kutoka kwenye wingu la thina. Nilisoma kijitabu chake baada ya kununua. Kimeandika wazi kuwa haifai kwa vimiminika vinavyoshika moto upesi.

14. Nesi_Mbale
Fundi wa Masaka amegusa nilichokuwa nakisubiri. Mimi si seremala, ila mume wangu ni seremala, na nimefanya kazi wodini muda wa kutosha.

Mwalimu, umesema banda liko nyuma ya nyumba. Sigiri ya jikoni iko hatua ngapi kutoka hapo? Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatoweka, unatambaa sakafuni kama maji, unapita chini ya mlango na kwenda kutafuta moto. Nimeuguza kijana aliyeungua miguu kuanzia kwenye vifundo kwenda juu, na mwenyewe alisisitiza kwamba hakuwa karibu na moto. Alikuwa amesimama mita kadhaa kutoka kwa mama muuza chapati.

La pili ni barakoa. Ile ya kitambaa na ile ya vumbi hazizuii mvuke hata kidogo. Inatakiwa yenye vichujio vya mkaa kwa ajili ya mivuke, na kabla yake kichujio cha chembe. Na kama siku moja utashawishiwa kuhamia kwenye polyurethane ya makopo mawili, ile inayochanganywa na kigumishi, ujue kuwa vigumishi vingi vina isosianeti. Hiyo huleta pumu ambayo ikishakuingia haikubali tena hata harufu ndogo ya dawa hiyo, na huwezi kuinusa ikakuonya mapema. Wenye kuipulizia kila siku hutakiwa kuvuta hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje. Tafadhali weka fedha ya barakoa katika hesabu ya mtambo tangu mwanzo.

15. Seremala_Mukono
Dada Nesi, asante kwa moyo wote. Sigiri iko hatua kumi na mbili, nimetoka kuzihesabu. Itahamia upande wa pili wa nyumba kuanzia leo, na mama watoto amekubali kabla sijamaliza kumsomea bandiko lako.

16. Mzee_wa_Bwaise
Limebaki la mvule. Mbao za mvule zina kitu ndani yake kinachokataa vanishi. Nimeona mbao za musizi na mvule zikipakwa siku moja kwa kopo moja, musizi ukakauka usiku huo, mvule ukanata siku tatu. Mwalimu alipuliza mvule mbichi bila kuuziba kwanza.

17. BintiBugembe
Mzee, hilo ni kweli kwa vanishi ya mafuta, na silikatai. Vanishi hiyo hukauka kwa kushikana na oksijeni, na kemikali za asili za mvule huzuia jambo hilo lisitokee upesi. Lakini lakeri ya NC haishikani na kitu. Thina inapaa, lakeri inabaki. Mvule hauwezi kuuzuia mvuke usipae. Kwa hiyo sababu yako inaeleza vanishi ya brashi inayonata, haielezi ukungu wa Jumamosi.

18. Mzee_wa_Bwaise
Binti, umenijibu vizuri. Hata hivyo, mimi mvule siupulizi kitu chochote bila kuupaka kwanza mkono mmoja wa sheleki (utomvu wa kuziba ubao) iliyoyeyushwa kwa spiriti, na sijajuta.

19. Seremala_Mukono
Mzee na Dada, mmenifumbulia jambo jingine bila kukusudia. Kitanda cha mvule nilichopaka kwa brashi mwezi wa pili kilinata siku nne, mteja akadhani nimempunja vanishi.

20. Hesabu_Kwanza
Mimi niko Nsambya, Kampala, na nitasema ambalo halipendezi. Mwalimu anatengeneza vipande vingapi kwa mwezi? Kama ni viwili au vitatu, wapo wapulizaji hapa wenye chumba chao, feni zao na mkono uliokomaa, wanaotoza kwa kipande. Gharama ya pikapu kutoka Mukono ipo, nakubali. Kwa vipande vidogo, vanishi ya mafuta iliyopunguzwa na kupakwa kwa kitambaa cha pamba, mikono mitano au sita myembamba na msasa namba 400 katikati, haina mistari wala unywele wa brashi, na mtambo wake ni fulana kuukuu. Ila vitambaa hivyo vikiwa na mafuta usivikunje ukavitupa kwenye kona, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

21. Fundi_Masaka
Kupeleka kabati Nsambya likiwa halijapakwa ni kuomba mikwaruzo. Nimewahi kulipokea langu likiwa linang'aa, na alama ya kamba imezama chini ya lakeri. Hakuna anayejua ilitokea kwenye pikapu au kwa mpulizaji.

22. Seremala_Mukono
Nimefanya jaribio leo, Jumamosi, saa saba mchana kukiwa na jua kali. Kompresa ni ileile na bunduki ni ileile. Nilinunua thina ya kopo lililofungwa kiwandani, nikapima kwa kikombe nikapata sekunde 20, nikachuja kwa soksi. Nilikata vipande vinne, viwili vya mvule na viwili vya musizi, na kimoja cha kila mti nikakipaka sheleki kwanza kama Mzee alivyoagiza.

Ukungu haukutokea kwenye kipande chochote, chenye sheleki wala kisicho nayo. Ganda la chungwa lilirudi kwenye vipande viwili vya mwisho, vya mti wowote, ingawa ni hafifu kuliko la kwanza. Geji ilikuwa imesimama kwenye bari 4 na zaidi muda wote, kwa hiyo, Mhandisi, inaonekana hewa haikuisha.

23. Mzee_wa_Bwaise
Nilisema ni thina.

24. BintiBugembe
Mzee, amebadilisha thina na amebadilisha hewa siku hiyohiyo, kwa hiyo hatuwezi kujua ni kipi kilichoondoa ukungu. Mwalimu, ukiwa na moyo, tumia thina hiyo nzuri asubuhi moja baada ya mvua, kwenye kipande kidogo, kisha utuambie.

Kuhusu vipande vya mwisho, nitazame mkono wako. Anayejifunza huanza akiwa sentimita 15 au 20 kutoka kwenye ubao, na akichoka hurudi nyuma bila kujijua na kuanza kuuzungusha mkono kama anayefagia. Ukiwa mbali, lakeri inakauka hewani. Funga bega, peleka bunduki sambamba na ubao, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia.

25. Mhandisi_Tororo
Mwalimu, geji uliyoisoma iko wapi? Kama ni ile ya kwenye tangi, inakuambia habari za tangi. Bunduki inataka bari 2 kwenye mpini wake, huku kitufe kikiwa kimebanwa, si kikiwa kimeachwa. Weka geji ndogo kwenye mpini, banza kitufe bila lakeri kikombeni, hesabu hadi sitini huku ukiitazama.

26. Seremala_Mukono
Nimeazima geji kwa fundi wa matairi, nimetoka kupima sasa hivi. Kitufe kikiwa kimeachwa, mpini ulisoma bari 3. Nilipokibanza, ulishuka papo hapo hadi 1.4, na baada ya sekunde arobaini ukawa kwenye 1.1. Geji ya tangi wakati huo ilikuwa inasoma bari 4.5.

27. Mhandisi_Tororo
Basi bunduki yako haijawahi kupata bari 2 hata sekunde moja. Hewa haitoshi, kama nilivyosema mwanzo. Mwambie shemeji alete turbaini.

28. Mbao_Ndeeba
Hapana, Mhandisi, soma tena tarakimu zake. Tangi lina bari 4.5 na mpini una 1.1. Hewa ipo, imekwama njiani. Mwalimu, mpira wa jirani yako ni wa kujazia matairi, sivyo? Huo kwa kawaida una uwazi wa milimita 6, au hata pungufu ukihesabu viungio, na ukiwa na urefu wa mita kumi unaikaba bunduki koo. Usimtume shemeji kitu chochote kabla hujapima kwa mpira wa milimita 8 au 10, mfupi, usio na kiungio cha katikati.

29. Samani_Arua
Na mlango wa kwanza uliotoka kama kioo, ulipita katika mpira gani, Ndugu wa Ndeeba?

30. Seremala_Mukono
Mpira ulikuwa huohuo, wa mita kumi, na umeandikwa milimita 6. Nimepata wa milimita 8 wenye urefu wa mita tano kwa fundi wa magari hapa jirani. Jumamosi ijayo nitapima tena mpini kwa sekunde sitini, kisha nitapulizia mlango ule wa pili, ambao bado ni mweupe.